Kabla hamjachapisha fulana

Jumamosi niliwatazama wanaharakati wetu wapya wakipanda miche. Watatu waliifukia na viriba vyake. Mizizi imefungwa ndani ya plastiki, na kampeni yenyewe ni ya kupinga plastiki! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikapiga magoti nikaanza kuchana viriba, kwa sababu mimi nimewahi kuharibu makubwa kuliko hayo. Mnanichosha, wadogo zangu, ila nawapenda. Sikilizeni.

1. Jueni mnamwomba nani afanye nini. "Kuhamasisha jamii" si dai. Dai lina mtu mwenye kalamu, na karatasi moja anayoweza kuitia sahihi au kuikataa.

2. Someni tarehe. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kulikuwa na mradi wa kufukia kinamasi, nami nilikuwa mratibu wa kampeni ya kuupinga. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa wazi kwa umma, na nilikuwa nayo kwenye simu. Nikasoma muhtasari, nikaona kurasa za majedwali, nikasema hii kazi ya wanasheria. Mimi nikaenda kwenye mambo matamu: mabango, hashtagi, maandamano, fulana. Tuligombana siku mbili nzima kuhusu aina ya kijani cha fulana. Siku mbili! Sahihi zikajaza madaftari, tukayabeba kwa maandamano hadi ofisini, kamera zikitufuata.

Karani alikuwa mama mpole. Akafungua daftari la kwanza, akalifunga, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie: "Mwanangu, maoni yalifungwa siku kumi na mbili zilizopita. Mlikuwa wapi?"

Nilikuwa kwa mchapaji.

Ningeishia hapo aibu ingekuwa ya kawaida. Kibali kilipotoka, kilikuwa na sharti moja tu la maana: mfereji mmoja usiguswe. Sharti hilo lilitokana na barua ya mvuvi mzee, ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono, unaoeleza samaki wanazalia wapi na miezi gani, mahali ambapo ripoti ilisema hapana maji. Mzee huyo alikuja kwenye mkutano wetu. Nilimpa dakika mbili, nikamkatiza, nikasema ratiba imebana. Baada yake nilimpisha mchekeshaji.

Kwenye ripoti ya wafadhili niliandika kwamba uelewa wa jamii umeongezeka. Madaftari bado ninayo. Mawili yameliwa na mchwa.

Basi: ripoti ikitoka, mmoja wenu aisome yote, muandike maoni yanayotaja ukurasa na aya, mpeleke kabla ya mwisho, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa kila mwenye kalamu. Mahakamani alishindwa. Wawekezaji wa nje wakajitoa hata hivyo, na jengo halikujengwa. Nyie barua ya ukurasa mmoja mnaniambia "ndefu sana, kaka".

3. Mikutano ya kimataifa ya tabianchi. Najua kila mtu anaitaka beji ya mwangalizi, ile ya kuingia na kusikiliza tu. Beji haipigi kura. Inakupa kiti cha nyuma kwenye chumba chenye baridi kali, ambamo watu wazima wanabishana kuhusu maneno yaliyo ndani ya mabano, yaani yasiyokubaliwa bado. Kaeni humo humo. Paris, 2015, saa za mwisho, neno la kulazimisha kwenye ibara ya 4, kuhusu nchi zilizoendelea kupunguza hewa chafu, liligeuzwa kuwa neno la kushauri, na Mkataba wa Paris wa tabianchi ukapita. Aliyekuwa nje anapiga picha na bango alisikia makofi tu. Wa kupiga kelele nje tunamhitaji, sisemi vingine, ila wasiwe wote nje.

Chagueni ajenda moja mbakie nayo. Nchi za visiwa vidogo zilileta mezani mwaka 1991 wazo la mfuko wa bima dhidi ya kupanda kwa kina cha bahari. Uamuzi wa kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulipatikana Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Hesabuni miaka wenyewe. Na kuna mtu ana miezi mitatu kwenye grupu ameshaanza kuuliza "matokeo yako wapi?"

4. Risiti zitunzwe. Maji ya kunywa yawepo. Msigombane na wanakampeni wengine hadharani.

5. Wenyeji wazungumze kwanza, tena bila saa mkononi. Nilirudi kwa yule mvuvi baada ya miezi mingi, maana nilihitaji muda wa kuitafuta sura ya kwendea. Alinikaribisha, akasikiliza msamaha wangu hadi mwisho bila kunikatiza, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Kisha akauliza kama zile fulana zimebaki, kwa sababu kitambaa chake kinafaa sana kufutia mtumbwi.

Nilimpelekea boksi zima.