Dada yako anasubiri majibu ya kipimo cha kinyama: niliyoyapitia mimi

Pole sana mdogo wangu, na dada naye umfikishie pole yangu. Umeeleza kwamba amekutwa na saratani ya titi, kachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, na hii ni wiki ya pili daktari anawaambia haanzi tiba mpaka majibu mengine yatoke maabara. Shangazi yenu amekuja juu, anasema mnachezewa, uvimbe ukatwe leo kabla haujasambaa. Dada mwenyewe anaiogopa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kuliko ugonjwa. Unauliza tuliopita njia hiyo tunasemaje.

Mimi nimepita. Imetimia miaka minne tangu nimalize dripu ya mwisho, na kidonge cha kuzuia homoni nakimeza kila usiku hadi leo. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu hofu ya shangazi yenu naijua. Mama yangu alikuwa nayo hiyohiyo, na alikuwa na sababu.

Mama yangu mkubwa aliugua saratani ya titi mimi nikiwa binti mdogo. Alikatwa wiki ileile aliyoambiwa. Lilitolewa titi lote na matezi yote ya kwapa la upande ule. Mwaka uliofuata mkono ukavimba na haukunywea tena. Namkumbuka akiuegemeza juu ya mto kila anapokaa. Saratani yake ilikuwa ya aina gani, hakuwahi kuambiwa. Kwa hiyo mama aliposikia kwamba mimi nimeambiwa nisubiri, alilia. Kwake yeye kukata ndiyo kutibu, na kutokukata ni kuachwa ufe.

Wazo hilo lilianza kwa madaktari wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Marekani, William Halsted, alieneza upasuaji wa kuondoa titi, matezi na hata misuli ya kifua, akiamini kwamba ukikata eneo kubwa utaung'oa ugonjwa wote. Ulimwengu ukamfuata kwa miongo mingi. Baadaye mpasuaji mwingine wa Marekani, Bernard Fisher, na wenzake wakagawa wanawake katika makundi: wengine walitolewa titi zima, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Mwaka 2002 wakatoa matokeo ya miaka 20 ya kuwafuatilia: urefu wa maisha haukutofautiana baina ya makundi. Waliopigwa mionzi, ugonjwa uliwarudia kwenye titi mara chache kuliko waliotolewa uvimbe peke yake. Saratani ya titi inaua kwa chembe zinazosafiri kwenda kwenye mifupa, ini, mapafu na ubongo. Kisu hakizifikii huko. Dawa inazifikia, ila lazima iwe dawa inayoendana na aina yako.

Ndiyo maana mnasubiri. Jibu la kwanza la kinyama lilisema tu kwamba saratani ipo. Sasa maabara wanachukua vipande vyembamba vya kinyama kilekile na kuvipaka rangi maalumu, wakitafuta vitu vitatu: vipokezi (sehemu za chembe zinazonasa homoni) vya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na protini inayoitwa HER2, ambayo huisukuma saratani ikue. Saratani yenye vipokezi vya homoni inakula homoni za mwili ili ikue, na ndiyo iliyo nyingi, saba kati ya kumi au zaidi. Hiyo inazuiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, miaka mitano na wengine hata kumi. Yenye HER2 nyingi hukua kwa kasi, na zamani ilikuwa habari mbaya sana. Tangu mwaka 1998, dawa ya trastuzumabu ilipoidhinishwa Marekani, mambo yakageuka, kwa sababu dawa hiyo inaishika protini ileile. Na kuna ile isiyo na chochote kati ya vitatu, ambayo inahitaji kemo, na sasa baadhi ya wagonjwa wake huongezewa dawa za kuamsha kinga ya mwili.

Changu kilirudi na alama mbili ya HER2. Alama tatu maana yake ipo, sifuri au moja maana yake haipo kwa wingi wa kutosha, mbili maana yake bado haijulikani. Wakakirudisha maabara kuhesabu nakala za jeni yenyewe. Siku tisa zaidi! Sikulala. Nilimpigia nesi mpaka nikaona aibu. Jibu lilipotoka, jeni ilikuwa imeongezeka, na vipokezi vya estrojeni vilikuwepo. Fikiria kama ningekubali shinikizo la nyumbani nikakatwa wiki ile. Daktari wangu alinieleza kwamba kwa ugonjwa kama wangu walipendelea dawa kwanza, upasuaji baadaye, ili uvimbe ukiwa bado mahali pake waone kama dawa inafanya kazi. Upasuaji ukikuta mabaki ya saratani, wanajua wabadilishe dawa. Ukianza kukata, kipimo hicho mmekipoteza.

Na niliona kwa vidole vyangu. Kabla ya dripu ya kwanza waliniwekea kialama kidogo cha chuma ndani ya uvimbe. Nikauliza cha nini. Daktari akasema, "Uvimbe ukiisha, mpasuaji atajuaje ulikuwa wapi?" Sikumwamini. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nautafuta bafuni siupati.

Mwelezeni shangazi hayo kwa upole, lakini msimnyang'anye hasira yake yote, kwa sababu kucheleweshwa kwa kweli kupo na mimi kulinipata. Nilipogusa kile kibonge mara ya kwanza nilienda kituo kimoja, nikapigwa mamografia, yaani eksirei ya titi, nikaambiwa picha ni safi, nenda nyumbani. Nikaenda. Miezi mitano. Hakuna aliyeniambia kwamba matiti yenye tishu nzito, hasa ya wanawake ambao umri haujaenda, yanaweza kuuficha uvimbe kwenye mamografia, na kwamba kibonge unachokishika kwa mkono lazima kifuatiliwe hata picha ikiwa safi. Kituo cha pili walipitisha altrasaundi wakauona palepale. Miezi mitano ile inaniuma hadi leo. Wiki mbili au tatu za maabara haziniumi hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi wa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba mgonjwa ajulikane ana nini ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Kwa hiyo subirini, ila msisubiri kimya. Ulizeni kinyama kiko hatua gani, majibu yanatarajiwa tarehe ngapi, na kama tarehe hiyo ikipita mpigie nani. Jina na namba, mkaandike. Mkijibiwa "tutawaita" bila tarehe, hapo ndipo mumtume shangazi.

Sasa kemo. Dada anaogopa, na simlaumu. Mama mkubwa alitapika mpaka akawa hawezi kuvumilia harufu ya gari lililompeleka hospitali. Mimi nilitapika mara moja tu katika kipindi chote. Dawa za kuzuia kichefuchefu zilizokuja kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 zimebadilisha kabisa hali ya kitanda cha kemo, lakini zinafanya kazi vizuri ukizimeza kabla, kwa saa ulizopangiwa, hata kama unajisikia mzima. Ile mara moja niliyotapika ni siku niliyosema najisikia vizuri, nikaruka vidonge. Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu. Dawa yangu ya kwanza ya kemo, yenye rangi nyekundu, iligeuza mkojo wangu rangi siku ya dripu na nikashtuka, kumbe ni dawa yenyewe inatoka.

Homa ndiyo msiyoifanyia mchezo. Wiki moja au mbili baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka, na maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Joto likifika 38, hata saa nane za usiku, mnaenda hospitali usiku huohuo na mnasema mlangoni: yuko kwenye kemo. Msimpe dawa ya kushusha homa mkasubiri asubuhi, maana itaficha joto bila kuzuia maambukizi.

Kuna jambo moja nililofanya ambalo nataka dada asilirudie. Baada ya dawa nyekundu nilihamishiwa paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, kila wiki kwa wiki 12, pamoja na trastuzumabu. Kuanzia wiki ya sita ncha za vidole zikaanza kufa ganzi. Nesi alikuwa akiuliza kila safari, "Ganzi ipo?" Mimi najibu hapana. Niliogopa kwamba nikisema watanipunguzia dawa na saratani itarudi. Wiki ya kumi nesi mwingine hakuuliza kwa maneno. Alinipa blauzi yangu akasema funga vifungo. Nikashindwa. Daktari alipokuja hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniambia wangeweza kupunguza dozi au kusogeza wiki mapema bila kuharibu mpango, lakini mishipa ya fahamu ikishaumia sana huenda isirudi yote. Vidole vyangu vya miguu havijarudi. Usiku siendi bila viatu kwa sababu sijui ninakanyaga nini.

Nimekuja kujua baadaye kwamba hata watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2017 Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 766 wa Marekani waliokuwa kwenye kemo kwa saratani iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipewa njia ya kuripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta: maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, ganzi, na nyingine, dalili ikizidi nesi anapata taarifa. Kundi lingine lilipata uangalizi wa kawaida. Walioripoti waliishi muda mrefu zaidi, tofauti ya miezi mitano hivi baina ya makundi. Faida hiyo haikutokana na dawa mpya ya saratani. Wagonjwa walisema wanachosikia, na mtu akawasikia kwa wakati. Nilipoisoma niliangalia vidole vyangu.

Kwa hiyo mnunulieni dada daftari. Kila siku tarehe, joto, alichokula kikakaa, maumivu yapo wapi na makali kiasi gani kati ya 0 na 10, choo, usingizi, ganzi. Wewe ndiye uingie naye chumba cha daktari, kwa sababu mgonjwa akishaketi pale husema "niko sawa" bila hata kufikiri.

Upasuaji kwangu ulikuja baada ya dawa, na niseme ukweli, ulikuwa sehemu nyepesi. Titi lilibaki. Kwapani walipiga sindano ya rangi ya buluu ili waone tezi zinazopokea maji ya titi kwanza, wakatoa tatu tu, zote safi, nyingine zikaachwa mahali pake. Kesho yake mkojo ulikuwa wa kijani. Mkono wangu haujavimba, na kila nikiuinua namkumbuka mama mkubwa. Mionzi ilikuwa mara 15, wiki tatu. Zamani ilizoeleka wiki tano au zaidi. Trastuzumabu iliendelea mpaka ikatimia mwaka, na moyo ukipimwa kila baada ya miezi mitatu kwa sababu dawa hiyo inaweza kuuchosha.

Wakimtaja mtu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, msitishike. Nyumbani kwetu walidhani ndiyo naagwa. Kumbe ndio waliotibu maumivu ya mifupa na usingizi wangu wakati kemo inaendelea, na ndio pekee walioniuliza kama nalia usiku.

Wewe nawe, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, umwombe daktari akuambie uanze lini kupimwa na kwa kipimo gani. Saratani nyingi za titi si za kurithi, ni asilimia 5 hadi 10 tu, lakini kama dada bado ni mdogo kiumri, au kuna mwingine katika ukoo aliyeugua titi au ovari, ulizeni kuhusu jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu ya kurithi huongeza hatari ya saratani hizo. Majibu hayo yanaweza kubadilisha hata upasuaji wa dada, kwa hiyo yaulizwe sasa, si baadaye.

Majibu yakitoka, ombeni nakala ya karatasi, kisha uniandikie hapa vipokezi vimesemaje na HER2 imepata alama gani. Ikirudi na alama mbili kama yangu, zile siku za kusubiri tena nitakuwa nanyi. Na kabla ya dripu ya kwanza hakikisheni nyumbani pana kipimajoto kinachofanya kazi.