Bei Zikitulia, Nani Hugeuka Mpenda Uhuru? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Tafiti za Maoni

Barua kadhaa tulizopokea zinahusu tafiti zinazodai kupima tunu za jamii, yaani yale ambayo watu huyathamini kuliko mengine. Tumechagua nne ambazo majibu yake yanasaidiana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Tumefundishwa kwamba mtu aliye katika dhiki hutanguliza riziki na usalama, na kwamba uhuru wa maoni na kushirikishwa katika maamuzi ni mambo anayoyakumbuka akishashiba. Lakini takwimu za Ulaya Magharibi za miaka ya 1980 zinanitatiza: ukosefu wa ajira uliongezeka, na bado idadi ya waliotanguliza uhuru ikapanda. Je, nadharia ni ya uongo, au mwenye njaa wa kule ana miiko?

JAWABU: Kabla hujaitupa nadharia, likague kwanza dodoso. Nadharia unayoitaja ilienezwa na Ronald Inglehart, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, ambaye mwaka 1971 alichapisha matokeo ya tafiti zilizofanyika katika nchi za Ulaya Magharibi. Hoja yake ilikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu hukithamini zaidi kile kilicho adimu kwake. Ya pili ni kwamba tunu za msingi hujengeka katika ujana na hazibadiliki kwa wepesi baadaye, kwa hiyo waliokulia katika vita na njaa watatofautiana na wajukuu zao hata kama wote wanaishi leo katika neema ileile.

Ili kuipima hoja hiyo, mhojiwa alipewa malengo manne ya nchi: kudumisha utulivu katika taifa, kuwapa wananchi sauti zaidi katika maamuzi muhimu ya serikali, kupambana na kupanda kwa bei, na kulinda uhuru wa kusema. Alitakiwa kutaja lililo muhimu zaidi, kisha la pili. Aliyetaja utulivu na bei alihesabiwa kuwa anatanguliza usalama, wa mwili na wa kiuchumi. Aliyetaja sauti ya wananchi na uhuru wa kusema alihesabiwa kuwa anatanguliza uhuru. Aliyechukua kimoja huku na kingine kule aliwekwa katika kundi la mchanganyiko, ambalo mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalosahaulika habari inapofika magazetini.

Sasa fanya hesabu kwa kalamu. Malengo manne yanatoa jozi sita, na kati ya hizo ni moja tu inayokuweka katika kundi la usalama na moja tu inayokuweka katika kundi la uhuru. Tuseme mhojiwa wetu ni fundi aliyeachishwa kazi baada ya kiwanda kufungwa, katika mwaka ambao bei zimetulia. Anaipitia kadi aliyopewa akitafuta neno ajira, nalo halimo. Bei hazimsumbui, basi analiruka lengo hilo. Yaliyobaki ni matatu, nayo yanatoa jozi tatu: mbili zinamfanya mchanganyiko, na ya tatu inamfanya mtetezi wa uhuru. Haikubaki njia hata moja ya kumhesabu kuwa mtu anayetanguliza usalama, ingawa usiku hapati usingizi kwa kuwaza riziki. Na akichagua sauti ya wananchi, huenda anasukumwa na hasira dhidi ya serikali iliyoshindwa kumletea kazi. Kwenye jedwali la matokeo hasira hiyo itasomeka kama ukomavu wa kidemokrasia.

Hicho ndicho ambacho wanasayansi wa siasa Harold Clarke na Nitish Dutt walikieleza mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya msukosuko wa pili wa bei za mafuta, mfumuko wa bei katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi ulianza kushuka huku ukosefu wa ajira ukishika nafasi yake kama kero kuu. Kipimo chenye lengo moja tu la wazi la kiuchumi, nalo la bei, kiliisikia kero iliyokuwa inaondoka na hakikuisikia iliyokuwa inaingia. Baadaye Clarke na wenzake walifanya majaribio ambamo baadhi ya wahojiwa walipewa kadi ya kawaida na wengine kadi ambayo lengo la bei limeondolewa na kuwekwa la kutengeneza ajira. Ukubwa wa makundi ulibadilika sana, ilhali hakuna aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mioyo ya makundi hayo mawili ya watu inatofautiana.

Inglehart na mwenzake Paul Abramson hawakunyamaza. Walikubali kwamba mfumuko wa bei huutikisa mstari wa takwimu za wanaotanguliza uhuru, ukaushusha na kuupandisha mwaka hadi mwaka, lakini wakasisitiza kwamba pengo kati ya marika linabaki palepale: bei zikipanda, vijana na wazee hushuka pamoja, bei zikitulia, hupanda pamoja, na vijana wa enzi ile waliendelea kuwa juu ya wazee wao hata walipofikia umri wa makamo. Mimi naona upande huu una nguvu katika jambo hilo moja, kwa sababu watu wa marika yote waliohojiwa mwaka mmoja wamepewa kadi ileile chini ya bei zilezile, na kasoro ya kadi haiwezi kwa urahisi kulieleza pengo lililo kati yao. Unapolinganisha mwaka na mwaka, au nchi yenye bei tulivu na nchi ambayo bei zinaruka kila wiki, hapo hoja ya Clarke ndiyo inayotawala. Kwa hiyo takwimu zinazokutatiza hazijaikanusha nadharia wala kuithibitisha. Zimeonyesha tu kwamba kadi ile haikuwa na mahali pa kuandika aina ya dhiki iliyokuwepo.

Niongeze kwamba lipo dodoso refu la malengo 12, lililotumika kuanzia mwaka 1973, ambalo linataja pia ukuaji wa uchumi na uchumi imara. Linamwachia fundi wetu mlango wa kupitia. Lakini dodoso refu linagharimu muda, na muda wa mhojaji ni fedha. Ndiyo maana lile fupi limetumika mno. (Hilo refu nalo lina kituko chake: lengo la kuifanya miji ipendeze zaidi, lililodhaniwa ni la watu wa uhuru, halikukaa vizuri na wenzake katika uchambuzi.)

SWALI: Mhariri, niliwahi kuhojiwa katika utafiti wa namna hii nikalazimishwa kuchagua mambo mawili tu, nami nayataka yote. Kwa nini nisiruhusiwe kulipa kila jambo alama yake?

JAWABU: Swali lako limewagawa wataalamu kwa miongo mingi. Wanaokulazimisha kuchagua wanasema kwamba tunu hujulikana pale zinapogongana: kila mtu anapenda uhuru na utulivu pia, lakini siku moja hushinda moja, na mtafiti anataka kujua ni ipi. Milton Rokeach aliifuata njia hiyo kwa ukali kuliko wote; orodha zake, alizozieleza katika kitabu cha mwaka 1973, zilikuwa mbili zenye tunu 18 kila moja, na mhojiwa alitakiwa kuzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya 18. Anayeweza kueleza kwa dhati kwa nini jambo fulani ni la 11 na si la 12, ninamvulia kofia.

Njia ya alama ni nyepesi zaidi kwa mhojiwa, na ugumu wake humwangukia mtafiti. Wapo wanaotoa alama ya juu kwa kila kitu, ama kwa ukarimu ama kwa uchovu, na majibu yao hayatofautishi chochote. Shalom Schwartz, ambaye mwaka 1992 alichapisha mfumo wake wa aina kumi za tunu, hulitatua tatizo hilo kwa kuchukua wastani wa alama zote za mtu na kuutoa katika kila alama yake, ili kibaki kile anachokithamini kuliko anavyothamini vingine. Utafiti wa Kijamii wa Ulaya, unaoendeshwa tangu mwaka 2002, hutumia toleo fupi la dodoso lake lenye maelezo 21: mhojiwa hupewa maelezo mafupi ya mtu fulani, kisha huulizwa anafanana naye kwa kiasi gani.

Duane Alwin na Jon Krosnick walizilinganisha njia hizi mbili mwaka 1985 kwa kutumia sifa ambazo wazazi wangependa watoto wao wawe nazo. Kwa jumla, sifa zilizopendwa zaidi zilikuwa karibu zilezile kwa njia zote mbili. Tofauti ilijitokeza katika uhusiano wa sifa zenyewe: katika kupanga, ukipandisha moja umeshusha nyingine, kwa hiyo zinaonekana kama mahasimu, katika kutoa alama, zote zinaweza kupanda bega kwa bega. Ukisoma basi kwamba katika jamii fulani utii na kujitegemea ni tunu zinazopingana, uliza kwanza kama wahojiwa waliruhusiwa kuzipenda zote mbili.

SWALI: Je, neno moja tu katika swali linaweza kweli kubadilisha tunu za taifa zima?

JAWABU: Linaweza kubadilisha takwimu zake. Mfano maarufu ni wa Marekani, ulioripotiwa na Donald Rugg mwaka 1941. Kundi moja liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia, na asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi jingine liliulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo, na waliosema ipige marufuku walikuwa asilimia 46. Kisheria kutoruhusu na kupiga marufuku hufikia mahali pamoja, lakini mtu mpole huona ugumu kutamka la pili.

Mpangilio wa maswali nao una nguvu. Mwaka 1948, Wamarekani walipoulizwa moja kwa moja kama waandishi wa habari wa Kikomunisti waruhusiwe kuja nchini mwao na kutuma habari makwao kadiri wanavyoziona, takribani asilimia 36 walikubali. Walipoulizwa kwanza kama waandishi wa Kimarekani waruhusiwe kufanya hivyo katika Urusi ya Kikomunisti, kisha ndipo likaja swali lile la awali, waliokubali walikuwa asilimia 73. Baada ya kuwatetea waandishi wao, ilikuwa aibu kuwanyima wengine haki ileile. Ni tunu ipi ndiyo ya kweli, woga wa kwanza au haki ya pili? Kwa maoni yangu ni zote mbili, na utafiti unaochapisha moja tu umechapisha nusu ya habari.

Yupo pia mhojaji mwenyewe. Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanza mwaka 1999, huuliza mwishoni mwa mahojiano mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wahojaji, na si wachache hujibu kuwa ni serikali, ingawa sivyo. Mtu anayeamini hivyo ana kila sababu ya kusifia utulivu na kunyamazia uhuru wa kusema.

SWALI: Basi sisi wasomaji wa kawaida tuzisome vipi ripoti hizi?

JAWABU: Tafuta dodoso kabla ya kutafuta grafu. Ripoti ikisema watu wa nchi fulani wamepoteza imani katika uhuru kati ya mwaka huu na ule, angalia kama swali lilibaki lilelile, kama mahojiano ya kwanza yalifanywa ana kwa ana na ya pili kwa intaneti, na bei na ajira zilikuwaje katika miezi hiyo hasa ya mahojiano, maana wastani wa mwaka mzima huficha mengi. Angalia pia ukubwa wa sampuli: utafiti wa watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu una nafasi ya kukosea ya takribani asilimia 3 kila upande, na unapolinganisha tafiti mbili za aina hiyo nafasi hiyo huzidi 4, kwa hiyo kupanda au kushuka kwa asilimia 4 kunaweza kuwa ni bahati tu. Na pale ambapo grafu inaonyesha kundi la usalama na kundi la uhuru pekee, tafuta tanbihi inayosema mchanganyiko walikuwa wangapi na walioshindwa kujibu walipelekwa wapi. Ripoti isiyoyachapisha maswali yake kama yalivyosomwa kwa mhojiwa, mimi huwa siinukuu.