Kabla hujapanga mradi, uliza mwezi uko wapi

Wewe unayeanza kazi kwenye mfuko wa jamii, yaani taasisi inayokusanya michango kwa maendeleo ya wakazi wa eneo, au mradi wa wafadhili hapa Mwanza, karibu sana. Kabla hujaandika mpango kazi, muulize mtu wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, mwezi uko wapi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo siku za giza mialo ya Igombe na Ukerewe ina hela lakini haina watu wa kukaa kikaoni: wanaume wamekesha ziwani, akina mama wako juani wanaanika. Siku za mbalamwezi watu wapo, mifuko imekauka. Michango na marejesho ya mikopo weka siku za giza, vikao na mafunzo weka wakati wa mbalamwezi. Fomu za maombi hazina nafasi ya kuandika jambo hili, ila miradi mingi husimama au huanguka hapo.

Chukua mfano wa vichanja, zile meza za nguzo na wavu za kuanikia dagaa. Dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya kichanja wanakuwa safi, wanaliwa na watu, na bei inapanda. Wafadhili wanavipenda kwa kuwa vinahesabika na vinapendeza kwenye picha ya ripoti. Lakini nguzo zinaoza, wavu unachanika, na mvua zikianza hata kichanja kizuri hakikaushi kitu. Basi ukifika mwaloni, idadi ya vilivyojengwa isikutoshe. Uliza vingapi vinatumika baada ya misimu miwili, nani ananunua nguzo mpya, na mama asiye na chake anatozwa shilingi ngapi kuanika. Swali hili la mwisho linaniuma kuliko yote, maana mali ya kikundi huweza kugeuka kimyakimya kuwa ya mwenyekiti na jamaa zake, na yule mama tuliyesema tunamsaidia akabaki mpangaji.

Masharti ya wafadhili nayo yanataka ujasiri. Mfuko wa jamii wa kwanza, ule wa Cleveland, Marekani, ulianzishwa 1914 na mwanabenki Frederick Goff. Aliona mali za marehemu zimefungwa na wosia uliopitwa na wakati, akataka kamati ya wakazi iamue kulingana na mahitaji yaliyopo. Leo bado utakutana na mkataba unaotaka cherehani wakati akina mama wanalilia maturubai. Mwandikie mfadhili mapema, kwa heshima, ukieleza walichosema akina mama wenyewe. Kifungu hubadilishwa kwa urahisi kabla fedha hazijatumika. Baada ya hapo inakuwa hoja ya ukaguzi.

Omba pia fedha za uendeshaji bila aibu: nauli ya kivuko cha Nansio, mafuta ya boti, mshahara wa mtunza vitabu. Bila hizo ufuatiliaji unafanyika kwa simu, na kwa simu kila kitu kinakwenda vizuri.

Jirani zetu wa Kenya, kupitia mfuko wao wa jamii, KCDF (Kenya Community Development Foundation), ulioanzishwa 1997, wamejenga utaratibu wa kuongezea juu ya kile jamii ilichochanga yenyewe. Uige. Mawe, kokoto na siku za kazi vipangie bei, viandikwe kwenye daftari lilelile la fedha za mfadhili. Kisha mapato na matumizi yote yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na siku ya mkutano mkuu mwanakijiji yeyote aruhusiwe kumbana mweka hazina, na kukubana wewe pia.