Swichi ya simu kwenye hita ya maji

Dada wa Njiro, umeuliza kama swichi ya kuwashwa kwa simu, ya ampia 10, inaweza kufungwa kwenye hita yako ya maji ya wati 3,000. Hapana, tafadhali usiifunge. Kwa volti 230 hita hiyo inavuta ampia 13, tena kwa muda mrefu. Swichi inaweza kupata moto kupita kiasi na kuyeyuka. Mwambie fundi aweke kontakta (swichi kubwa inayowashwa na kuzimwa kwa umeme) ya ampia 25: swichi iiamrishe kontakta, kontakta ndiyo ibebe mzigo. Themostati, yaani kidhibiti joto kilichomo ndani ya hita, isirukwe kamwe, maana ndiyo inayozuia maji kuchemka hadi tangi kupasuka. Na ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, je? Ipimwe kuhakikisha inafanya kazi, isiwe waya unaoning'inia tu. Najua baridi ya Julai hapa Arusha inakuharakisha, lakini zimeni meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, kabla kazi haijaanza.