Masomo gani ndiyo uti wa mgongo wa uhandisi ujenzi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nimemaliza sekondari na nimechagua kusomea uhandisi ujenzi. Orodha ya masomo imenichanganya; majina ni mengi na mengine sijawahi kuyasikia. Yapi ndiyo ya msingi, na yanahusiana vipi? Kaka yangu, ambaye ni fundi, anasema siku hizi kompyuta inapiga hesabu zote, kwa hiyo nisijitese na mekanika. Ni kweli? Na kwa miezi iliyobaki kabla ya kuanza, nisome nini?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa uamuzi wako. Nianze na hilo la kompyuta, kwa sababu ndilo linaloweza kukupoteza mapema.

Mwaka 1981, katika hoteli moja mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa juu ya ukumbi vilianguka watu wakiwa wamejaa. Walikufa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini, vikapenya kijia cha juu na kuendelea hadi cha chini, kila kijia kikikalia nati zake. Baadaye kila chuma kirefu kikabadilishwa kuwa viwili: kimoja kutoka darini hadi kijia cha juu, kingine kutoka kijia cha juu hadi cha chini. Ukitazama kwa macho huoni tofauti ya maana. Lakini nati iliyopaswa kubeba kijia kimoja sasa ilibeba viwili, na boriti ya kijia cha juu ikashindwa pale pale penye nati. Hata mchoro wa awali haukufikia kiwango cha kanuni. Mabadiliko hayo yakamaliza kabisa akiba ndogo ya nguvu iliyokuwapo.

Kuligundua hilo hakukuhitaji mashine. Kulihitaji mtu achore kile kipande peke yake, aweke mishale ya nguvu zinazokigusa, kisha ajumlishe. Hiyo ndiyo statiki, sehemu ya mekanika inayohusu vitu vilivyotulia, somo la mwaka wa kwanza, na ndilo kaka yako anakushauri uliruke. Kompyuta hujibu swali uliloiuliza. Kama mchoro uliouingiza una kosa, utapata jibu safi la swali lisilo lako.

Sasa orodha yenyewe. Usiisome kwa majina, isome kwa maswali mawili: uzito unapita wapi mpaka ufike ardhini, na maji yanapita wapi? Masomo mengi ya msingi yanajibu mojawapo, na yaliyobaki yanakuwezesha kupima, kupanga na kusimamia kazi.

Statiki hukuambia nguvu iliyopo. Somo la nguvu za vifaa hukuambia kifaa kitafanya nini kikiipata. Chukua ubao wa milimita 50 kwa 200. Ulaze bapa juu ya vihimili viwili, utapinda. Usimamishe kwa ubavu, ni ubao ule ule, uzito ule ule, lakini ukakamavu wake umekuwa mara 16. Na ukiongeza umbali kati ya vihimili mara mbili, huku kila mita ikibeba uzito ule ule, boriti itapinda mara 16 zaidi. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hiyo akiambiwa aondoe nguzo ya katikati ili ukumbi uwe wazi, anajua mara moja anaombwa kitu kikubwa kiasi gani.

Juu ya hapo unakuja uchambuzi wa miundo, yaani jengo au daraja zima badala ya kipande kimoja, kisha usanifu wa zege na wa chuma. Zege linavumilia sana kukandamizwa, lakini likivutwa lina takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo. Ndiyo maana tunalitia nondo, na ndiyo maana mahali pa nondo ni muhimu kuliko wingi wake. Boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili huvutwa upande wa chini, hivyo nondo kuu hukaa chini. Kibaraza kilichochomoza nje bila nguzo huvutwa upande wa juu, na nondo kuu lazima zikae juu. Siku ya kumwaga zege wafanyakazi wakizikanyaga zikazama chini, kibaraza hicho kitaonekana kizima hadi siku mbao zinazolishikilia zege zitakapotolewa. Muombe kaka yako akuonyeshe ramani ya nondo ya kazi aliyonayo, umuulize kila moja kwa nini iko juu au chini. Mafundi wazoefu wanajua mengi hapa, na hayo yatakusaidia darasani.

Somo ambalo ningependa ulipe heshima kuliko wanafunzi wengi wanavyofanya ni mekanika ya udongo. Chuma unakiagiza kwa kiwango cha ubora unachotaka, zege unalichanganya kwa kipimo chako. Udongo unaukuta. Mnara wa Pisa, ule ulioinama kule Italia, ulianza kujengwa mwaka 1173 na ukaanza kuinama ukiwa bado haujafika juu, kwa sababu chini yake kuna tabaka laini za udongo wa mfinyanzi. Udongo huo una matundu madogo sana yaliyojaa maji. Ukiuwekea mzigo, mwanzoni ni maji hayo yanayoubeba. Kisha yanatoka polepole, pengine kwa miaka mingi, na kadiri yanavyotoka udongo unashikana na jengo linazama. Upande mmoja ukiwa laini kuliko mwingine, jengo halizami sawasawa. Karl Terzaghi ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu, katika kazi aliyochapisha mwaka 1925, na ndiyo sababu anaitwa baba wa somo hili. Wahandisi walioutuliza mnara ule, kazi iliyokamilika mwaka 2001, hawakuusukuma wala kuuvuta hadi usimame wima. Kazi kubwa ilikuwa kuchota udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka mnara ukarudi nyuma takriban nusu digrii. Hilo unalipata kwa kuuelewa udongo tu.

Swali la pili, la maji, linajibiwa na haidroliki na haidrolojia. Haidrolojia inakadiria maji mangapi yatakuja, haidroliki inakuambia yatapitaje. Bomba likiongezwa kipenyo mara mbili kwa mteremko ule ule, maji yake hayawi mara mbili wala nne. Yanazidi mara sita. Wanaojenga madaraja wasiyapuuze masomo haya. Maji yanayochimba udongo chini ya nguzo za daraja ni miongoni mwa sababu kuu za madaraja kuanguka, na daraja la namna hiyo linaweza kuwa na zege lisilo na dosari. Usafishaji wa maji na mifumo ya maji taka unatoka kwenye mzizi huu huu, pamoja na kemia kidogo.

Barabara ni mchanganyiko: udongo, maji, lami na hesabu za mizigo ya magari. Upimaji ardhi utaupenda kwa sababu uko nje. Jifunze mapema kufunga mzunguko wa vipimo, yaani kurudi ulipoanzia uone umekosea kwa milimita ngapi. Vipimo visivyofungwa usivitumie. Usimamizi wa ujenzi na ukadiriaji wa gharama huja mwishoni na huonekana rahisi, lakini wahandisi wengi hutumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi humo.

Tukirudi kwa kompyuta: itumie, utaihitaji. Ila uwe na hesabu ya mkono ya kuikagua. Boriti ya mita 6, iliyokaa juu ya vihimili viwili na kubeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, ina momenti (kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda) ya juu kabisa ya 20 mara 6 mara 6 gawanya kwa 8, yaani kilonyutoni-mita 90. Programu ikikupa 900, kuna mtu amekosea vizio, na huenda mtu huyo ni wewe. Anayejua hesabu hiyo fupi ataona kosa kabla halijafika kwenye ramani.

Kwa miezi uliyonayo, usikimbilie vitabu vya chuo. Rudia trigonometria na vekta hadi usihitaji kufikiri. Pitia kalkulasi, hasa kujua mteremko wa grafu na eneo lililo chini yake vinamaanisha nini, kwa sababu michoro ya momenti imejengwa juu ya hayo. Kisha fanya zoezi hili kila siku: chagua kitu kilichotulia, ngazi iliyoegemea ukuta, meza, bango, na uchore mishale ya nguvu zote zinazokigusa. Jumla ya mishale lazima iwe sifuri, na momenti zake vilevile. Ikiwa si sifuri, kuna nguvu umeisahau. Kwa wanaoanza, mara nyingi ni ile ya msuguano pale kitu kinapogusa sakafu.