Kwa nini nililipia nakala ya "Egged On" ya Charley Bowers

Ndugu aliyeuliza kwa nini mtu mzima atoe fedha kununua utepe wa filamu bubu ya mchekeshaji asiyejulikana, ilhali za Chaplin zinatazamwa bure mtandaoni, ameuliza swali la haki. Nitamjibu kwa filamu moja niliyo nayo, Egged On ya mwaka 1926.

Charley Bowers, Mmarekani aliyewahi kutengeneza katuni za Mutt and Jeff, anaigiza humo mvumbuzi anayehangaikia mayai yasiyovunjika. Mayai yanawekwa chini ya boneti ya gari la Ford, joto la injini linayaatamia, na maganda yanapopasuka hawatoki vifaranga bali vigari vidogo vinavyoyumbayumba, kisha vinakwenda kujibanza chini ya mama yao. Kila kigari kilisogezwa kidogo kwa mkono, picha moja ikapigwa, kikasogezwa tena. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukiri nyumbani.

Mvuto wa pili ni jinsi Bowers alivyopotea. Wafaransa walimwita Bricolo, jina lake halisi likasahaulika, na Raymond Borde wa hifadhi ya filamu ya Toulouse alipopata mikebe yenye jina hilo katika miaka ya 1960, ilibidi kwanza itafutwe Bricolo alikuwa nani. Kwa hiyo sisi wakusanyaji hatupuuzi mkebe wenye jina geni.

Nakala yangu, ya utepe wenye upana wa milimita 16, niliipata kwenye gulio la Braderie mjini Lille, Ufaransa. Kabla ya kuuliza bei niliufungua mkebe nikanusa, kwa kuwa utepe wa asetati, aina ya plastiki, unaooza hutoa harufu ya siki na huweza kuziambukiza nakala zilizo jirani. Haukunuka. Kisha niliuinua ukingo wa utepe kwenye mwanga nikatafuta vialama vya Kodak, yaani miduara, miraba na pembetatu, vinavyoonyesha mwaka utepe ulipotengenezwa. Ila mtu awe mwangalifu, maana alama hizo zilikuwa zikirudiwa kila baada ya miaka 20.

Uangalifu huo nilifundishwa na hasara. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba filamu yake ni kamili. Nilipoifikisha kwenye projekta, hadithi ilikatika katikati, na siki ilikuwa imeshaanza. Hiyo nimeitenga barazani, mbali na kabati la wenzake.