Kabla Jirani Hajakutangaza, Jitangaze Mwenyewe

Kijana mmoja anayepeleka mizigo Juba kupitia Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, kaniandikia wiki iliyopita. Ujumbe wenyewe mrefu, lakini kiini chake ni hiki: "Kaka, mama mkwe wangu anataka watoto wahamie kwake mpaka niache kazi ya lori. Ikisikika Ebola popote, yeye hunipigia simu kabla ya bosi. Nyinyi wa wakati wa korona mliishije na familia zenu?"

Tuliishi vibaya, ndugu yangu. Baadaye tukaishi vizuri. Nitakusimulia yote mawili, na wengine pia wanufaike, maana najua mnaonisoma ni watu wa aina gani: madereva, wauguzi, askari, watu wa forodha. Hakuna hata mmoja wenu anayetaka kubaki alipo. Mnataka kiwanja, mnataka watoto wasome, mnataka siku moja jina lenu liandikwe kwenye mlango wa lori. Basi someni mpaka mwisho.

Mwaka 2020 nilikuwa dereva wa kuajiriwa, trela la kontena, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Kigali. Mke wangu ni mkunga katika kituo cha afya huku kwetu Tororo, Uganda. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi. Siku iliyofuata akathibitishwa mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeshuka Entebbe akitokea Dubai. Kabla mwezi haujaisha magari ya abiria yalisimamishwa, bodaboda zikakatazwa kubeba watu, magari binafsi nayo yakazuiwa, na ikifika saa moja jioni hakuna kutoka nje. Nchi nzima ikaambiwa ikae nyumbani. Nyumbani kwetu waliotii amri hiyo ni watoto na mbuzi tu.

Mke wangu alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Zile siku za kwanza, mjamzito aliyetaka gari la kumfikisha hospitali ilibidi watu wake watafute kwanza kibali cha RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani. Uchungu wa kuzaa haumngojei RDC. Wanawake walifika kituoni wamepakiwa kwenye baiskeli, wengine wameshikwa mabega huku na huku, na wapo ambao walijifungua njiani. Alikuwa akinisimulia hayo kwa simu usiku, nami nimelala kwenye kiti cha lori ng'ambo ya mpaka wa Malaba, upande wa Kenya, nangoja kuvuka.

Hapo Malaba lazima nikae kidogo, maana aliyekuwa nyumbani hawezi kujua. Mwanzoni walikuwa wanakuchukua sampuli, kijiti puani na kooni, halafu wanakuachia uende. Majibu yakitoka wewe umeshafika Kampala, basi unasakwa barabarani kama mwizi wa ng'ombe. Ikabadilishwa: hakuna kuvuka kabla ya majibu. Ni sawa, nilielewa sababu yake hata siku ile. Lakini sampuli zilikuwa nyingi, wapimaji wachache, na malori yalizidi kuja, kwa sababu chumvi, dawa, mafuta na hizo barakoa zenyewe zote zinapita kwenye barabara hiyohiyo ya Mombasa. Foleni ikanyooka kilomita kwa kilomita kuelekea Bungoma. Tulipika ugali chini ya trela. Choo hakuna. Wenye mashamba walitufukuza tulipoingia kwenye mahindi yao, na siwalaumu. Mama aliyetuuzia chai aliweka karai la maji ya sabuni chini. Unatupia sarafu humo, unarudi nyuma, ndipo anakusukumia kikombe kwa fimbo. Chai yake ilikuwa nzuri, nilikunywa.

Halafu jioni redio inafunguliwa. Mwishoni mwa Aprili na Mei, Wizara ya Afya ikisoma wagonjwa wapya, karibu wote walikuwa madereva wa malori. Baadaye madereva wa kigeni waliokutwa na ugonjwa wakawa wanarudishwa kwao na kuondolewa kwenye hesabu ya nchi. Nani alisikia sehemu hiyo? Majirani walisikia neno moja tu: madereva. Mke wangu walimpigia makofi kwa kuwa ni mfanyakazi wa afya, na jioni ileile walimkwepa kisimani kwa kuwa ni mke wa dereva. Mwenye nyumba wetu alimwambia wazi achague, chumba au mume.

Na kaka yangu. Sisi ni tumbo moja, nimemlipia ada ya sekondari kwa pesa ya barabara hiyohiyo. Nilipomwomba awachukue watoto kwa muda, alizungumza nami kupitia tundu la geti, na mke wake nyuma yake akanyunyiza dawa mahali niliposimama. Nilikuwa na karatasi ya majibu mfukoni, sina ugonjwa. Hakutaka kuisoma. Watu huniambia nisahau. Nimesamehe, kusahau ni kazi nyingine.

Siku moja ukaenea uvumi kwamba nimeruka ua usiku na kulala nyumbani. Wakati huo nilikuwa Mirama Hills, mpakani na Rwanda, nangoja, kwa sababu Rwanda walitaka lori libadilishe dereva mpakani na mimi nibaki. Vijana walifika mlangoni na fimbo. Mke wangu alitoka na sare yake ya ukunga, akampigia simu mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mbele yao, halafu akanipigia mimi, akaweka sauti ya juu, na afisa mmoja wa mpakani, Mungu ambariki, akakubali kuwaambia niko wapi. Vijana wakaondoka bila kuomba radhi.

Usiku huo mke wangu alinipa shauri ambalo nimewapa madereva wengi tangu hapo. Alisema hawa watu hawatachoka kusema, kwa hiyo tuwape sisi wenyewe cha kusema. Kuanzia safari ile, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba nimevuka, mke wangu alimpigia mwenyekiti: mume wangu amepimwa Malaba tarehe fulani, majibu ni haya, hatalala nyumbani, lori lake litaegeshwa kwenye kituo cha mafuta. Karatasi yenyewe niliipiga picha, akaichapisha, akaibandika kwenye duka la mwenye mandazi. Naam, dukani! Mwanzo walicheka. Mwezi haukupita, mwenyekiti akawa ndiye msemaji wangu. Ukimuuliza habari za dereva yule, anakutajia hadi nambari ya lori.

Hilo ndilo jambo la kwanza, kijana wangu, na ukinibana nitasema ndilo la pili na la tatu pia. Usingoje kutangazwa. Jitangaze. Mwambie mwenyekiti, mwambie mwenye nyumba, mwambie mwalimu wa watoto. Na huyo mama mkwe mpigie wewe kabla hajasikia redioni: mama, nimefika Elegu, nimepimwa joto, niko salama, watoto wako wanakula. Mama mkwe anayepata habari kwanza hugeuka kuwa wakili wako. Anayezipata mwisho anakuwa hakimu.

La pesa nitalipitia haraka. Unga na maharage ya serikali, kilo 6 na kilo 3 kwa kila mtu, vilianza kugawiwa Kampala na Wakiso; sisi wa huku tulivisikia kwa habari tu. Kwa hiyo weka akiba, na iwe kwenye simu ya mkeo, isiwe kwenye simu yako uliyo nayo foleni isiyo na chaji. Weka akiba, narudia. Ukishaweka, weka tena.

Na simu kila jioni. Si ya kuuliza mmekula nini. Mwache mtoto akusimulie upuuzi wake hadi amalize. Shule zetu zilibaki hazijafunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na binti yangu alijifunza kugawanya kwa njia ya simu, mimi nimeegesha Naluwerere, kituo cha malori njiani, yeye nyumbani na mkaa sakafuni. Leo yuko sekondari na hisabati ndiyo somo lake. Nani alimfundisha? Sitaki kujisifu, lakini jibu mnalo.

Mwaka 2021 ndio ulikuwa mbaya zaidi. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 10 Machi, wahudumu wa afya wakatangulia, na mke wangu akachomwa ya kwanza. Juni likaja wimbi la pili. Oksijeni ikawa adimu. Hospitali za binafsi zilidai mamilioni ya shilingi, na familia zikauza mashamba wakati mgonjwa bado yuko kitandani. Mke wangu akapimwa, akakutwa nao. Mimi nilikuwa Mombasa. Nchi imefungwa tena, hakuna kutoka wilaya moja kwenda nyingine isipokuwa kwa mizigo, na mzigo wangu ulikuwa haujapakiwa.

Alijifungia chumba cha nyuma. Watoto wakampelekea chakula mlangoni. Na maji ni nani aliyechota? Mwenyekiti wa LC1 alimtuma binti yake asubuhi na jioni, ndoo mlangoni, na yule mwenye mandazi alikataa kulipwa. Watu hao hawakuwa malaika. Walikuwa wamezoea kuambiwa ukweli na nyumba yetu kwa mwaka mzima, basi siku tulipowaambia ukweli mbaya hawakukimbia. Kaka yangu alituma ujumbe wa pole. Kuna jamaa alitusukuma tununue Covidex, dawa ya mitishamba iliyoidhinishwa mwishoni mwa mwezi huo, bei yake ikipanda kila nilipouliza. Mke wangu akasema pesa hiyo inunue matunda na muda wa maongezi wa simu. Alipona. Nilipofika tulisalimiana yeye dirishani, mimi uani, na alichoniuliza kwanza ni kama nimelipwa.

Kaka alimwoza mwanawe mwaka uliofuata. Akanipigia, ndugu yangu, tusaidie lori la kubeba viti na kreti za soda. Nilimpelekea. Kisha nikamtumia bili ya dizeli. Alilipa.

Sasa nisikilizeni, hasa wanaume. Tunapenda kuwaambia wake zetu "usijali." Acheni neno hilo. Mke wa dereva, mume wa muuguzi, mama wa askari, hao wote wako kazini pamoja nanyi, ila wao hawana sare wala posho. Mwenye hatari haki yake ni kuijua. Ebola ya 2022 ilipoanzia Mubende wahudumu wa afya waliambukizwa na wengine wakafa. Ya Januari 2025 ilijulikana Kampala kwa kifo cha muuguzi. Ugonjwa ukija huanza na sisi. Kwa hiyo kaeni chini sasa, redio ikiwa kimya, mkubaliane watoto watakwenda kwa nani, nani ana ufunguo, nani atapigiwa kwanza. Na huyo wa kuwachukua watoto mumuulize leo, akiwa hana hofu, ili kama geti litafungwa mlijue mapema.

Mwisho ni habari za bosi. Januari 2022 madereva waligoma huko Malaba kwa sababu ya kipimo cha lazima cha dola 30. Malori yakasimama, mafuta yakaadimika, lita ya petroli sehemu nyingine ikafika shilingi 10,000, ndipo serikali ikaondoa ada hiyo kwa madereva. Nilikuwepo. Kilichoniuma zaidi ya zile dola ni kwamba hakuna bosi aliyekuwa ameandika popote nani alipe kipimo, nani alipe siku za kukaa foleni, na familia ipewe nini dereva akiwekwa karantini. Nilimwandikia wangu ukurasa mmoja wenye maswali hayo matatu. Aliusoma, akacheka, akaufungia chapati.

Leo nina lori langu moja na dereva mmoja. Karatasi hiyo niliiandika kabla sijampa ufunguo, na nakala anayo mke wake.